Pampu Niliyoisuuza Kijitoni

Miaka ile ya elfu mbili, shamba letu la mahindi karibu na Kitale lilishuka hadi kwenye kijito kinachoingia mto Nzoia. Tulikuwa tumechoka kupalilia kwa jembe, tukaanza kupuliza dawa ya magugu kwa pampu ya mgongoni. Jioni, mimi ndiye niliyeosha pampu. Sikuiosha karibu na kisima hata siku moja, maana watoto wetu walikunywa pale. Niliibeba hadi kijitoni, nikaisuuza mara tatu, nikamwaga. Maji si yanaenda? Nilijiona mtu safi, mwenye akili.

Mdogo wangu aliolewa huko chini kabisa, Nzoia inapoingia ziwani. Krismasi moja alikuja kututembelea, akatuletea omena, wale dagaa wa ziwani. Akaniambia sukuma wiki anayoimwagilia maji ya mto imegeuka njano kuanzia pembeni, ikajikunja, ikafa yote.

"Ni ugonjwa gani huo, dada? Wewe ndiye unajua kilimo."

Niliijua rangi hiyo. Magugu yetu yalikufa vivyo hivyo.

Nikamwambia labda ni jua.

Akanishukuru. Jamani, alinishukuru! Nikamfungia mahindi ya kwenda nayo nyumbani. Msimu uliofuata nikaibeba pampu tena hadi kijitoni, kwa sababu kisima kilikuwa chetu, na ningemwaga wapi kwingine? Ziwa nalo humwaga maji yake katika mto Nile, na Nile huishia baharini. Huko sina ndugu. Hakuna atakayekuja kuniuliza.