Rangi ya Lori kwenye Mashine ya Gemu

Miaka ya tisini, mwenye hoteli mmoja pale Malaba aliniletea mashine kuukuu ya gemu, sanduku refu la mbao lenye skrini, nilirekebishe. Nilibadilisha mbao zilizooza, kisha tukakosana kuhusu rangi. Yeye alitaka vanishi, ling'ae kama kabati la sebuleni.

"Boss, madereva wa malori wataliegemea na mikono yenye mafuta ya chapati," nikamwambia.

Akacheka. Eti fundi wa vitanda anajua nini kuhusu gemu?

Hapo alinichokoza. Nilipaka vibao viwili, kimoja vanishi, kingine rangi niliyopata kwa mafundi wanaopaka malori karibu na mpaka. Nikavilaza kwenye kaunta yake, na wiki nzima wateja wakaweka vikombe vya chai moto juu yavyo. Cha vanishi kikajaa alama nyeupe za mviringo. Cha rangi ya lori mwenye hoteli alikipangusa mara moja tu, kikang'aa.

Sanduku nikalipaka rangi hiyo ya lori, nyekundu, mara tatu. Gemu yenyewe ilikufa zamani. Siku hizi ndani mnawekwa mikate, na kila Jumapili mwenye hoteli hufunga tai yake akijitazama kwenye sanduku langu, na kioo kipo ukutani.