Barabara Ipite Kwangu

Notburga wa Matogoro, mama yake Beda, ni mpole hivi kwamba hata kuku akiingia jikoni humwomba atoke. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, labda kanisani wakati wa sadaka. Basi siku aliposimama kwenye mkutano wa mtaa, watu walidhani anataka kutangaza rozari.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Barabara yenu isipite bondeni."

 Ilikuwa barabara kubwa ya mchepuko, ya kuyatoa malori ya makaa ya mawe katikati ya mji. Wapimaji walikuwa wameshapiga vigingi bondeni, juu kabisa ya chemchemi wanakoteka maji akina mama wa mtaa mzima.

"Mama, tumechagua bonde kwa sababu kule hakai mtu," alisema Calvin, kijana mpimaji, kwa adabu. "Hatubomoi nyumba hata moja."

"Maji yanakaa, mwanangu. Yamekaa kule tangu bibi yangu hajazaliwa."

"Sasa ipite wapi, Mama Beda?" Mwenyekiti Fulgence akacheka. "Ipae?"

"Ipite juu, mgongoni mwa kilima. Pale kwangu."

Watu wakaguna. Nyumba ile yeye na marehemu mumewe, Aidan, waliifyatulia tofali wenyewe kiangazi baada ya kiangazi, wakaezeka chumba kimoja kimoja kadiri Mungu alivyowajalia.

"Anatafuta fidia huyo!" Oliva, dada yake Aidan, alipiga kelele kutoka nyuma. "Mpole, mpole, kumbe ana meno!"

"Fidia mkinipa, mkininyima, hiyo ni yenu na Mungu, wifi yangu. Nyumba nitajenga nyingine. Nani hapa amewahi kufyatua chemchemi?"



"Maneno tu hayo," Fulgence akasema. "Kesho wakija kuweka alama utawafungulia mbwa."

"Rangi iko wapi?"

Ilikuwa kwenye gari la Calvin, nyekundu. Kijana akasitasita. "Mama, mimi sina amri ya kuchora huko."

"Sijakuambia uchore wewe."

Akabeba kopo, akapanda kilima, mkutano mzima nyuma yake kama maandamano ya Ekaristi. Kando ya mlango wake akachora X kubwa. Mistari ilipinda, lakini hata asiyejua kusoma aliielewa.

"Anayesema nataka fidia, aje achore na ya kwake."

Hakuja mtu. Calvin akasogea pembeni kuwapigia simu wakubwa wake. Aliporudi akasema ameruhusiwa kupima na huku juu, njia zote mbili zilinganishwe. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu.

"Basi pimeni. Nipo."

Watu wakaanza kutawanyika. Ndipo Oliva akaja mbio na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, macho yamejaa machozi.

"Futa, wifi yangu. Rangi bado mbichi. Kaka yangu alimwaga jasho hapa, jamani."

Notburga akakipokea. Akafuta vidole vyake, kimoja kimoja, mpaka vikatakata, kisha akamrudishia kitambaa chake.