Nyota Zilizoitwa Madini

Yunusi wa Nambilanje, wilayani Ruangwa, ni mkulima wa korosho mwenye mdomo mkali, na miaka mingi mdomo huo aliutumia kuwasema wapiga ramli. Mwaka 1994 alimtimua mmoja hadharani, eti anawasomea watu nyota na kula kuku wao. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo kwamba binti yake, Hajra, yuko chuo kikuu anasomea nyota!

Habari hiyo ilimfikia mwaka 2005, akaona aibu mpaka akakosa hamu ya kula. Alipoulizwa nje ya msikiti mtoto anasomea nini, akajibu haraka, "Madini." Ruangwa kila mwenye sururu anatafuta kito, kwa hiyo jibu likapendwa.

Likizo ya mwaka uliofuata Hajra akaja. Mchana mmoja, akipika ugali, alimweleza baba yake kazi yake.

"Katikati ya galaksi ya mbali, yaani kundi kubwa la nyota, kuna kitu kinavuta vumbi na gesi, vinawaka. Haviwaki sawasawa, mara vinang'aa, mara vinafifia. Sasa vumbi lililo pembeni linapata joto baadaye, kama mafiga haya. Ukichochea kuni, moto unaruka papo hapo, lakini figa linachelewa. Joto hilo jicho halilioni, vyombo vinaliona. Tukijua limechelewa kiasi gani, tunajua vumbi liko mbali kiasi gani."

"Na bahati ya mtu unaiona humo?"

"Hapana, Baba. Vumbi tu."

Yunusi akashusha pumzi. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akimwonea mtoto wake aibu ya bure! Akaazimia kwenda kuwaambia watu ukweli.

Hata hakupata nafasi ya kunyanyuka. Jirani yao Jonasi aliingia uani na jiwe ndani ya kitambaa. "Mwanangu, baba yako kila siku anatutambia mtaalamu wake wa madini. Hebu niangalizie hili."

Hajra akamtazama baba yake. Neno moja tu lilitosha, na Yunusi alikuwa nalo. Lakini akainamia moto, masikio yakimchoma, akajifanya anasogeza kuni.

Hajra akalipokea jiwe, akaligeuzageuza. "Aina hii bado sijaisoma, baba mdogo. Wapelekee wanunuzi mjini."

Jonasi akashukuru, akaenda zake. Hajra akapakua ugali, akamkaribisha baba yake kwa adabu ileile ya siku zote. Hakuuliza kitu. Afadhali angegomba.

Siku ya safari Yunusi alimbebea begi hadi kituoni, na safari hii sentensi ya ukweli alikuwa ameiandaa. Bi Zaina, muuza maandazi, akamwita Hajra. "Mama, hivi unasomea nini vile?"

Yunusi akafungua mdomo. Hajra akamwahi.

"Shikamoo, mama. Nasomea madini."

Alisema taratibu, kama mtoto anayemzibia baba yake tobo la kanzu mbele ya wageni. Kisha akanyoosha mkono kupokea begi, na Yunusi hakuweza kumtazama usoni.