Mfongo wa Kwenda Ulaya

Juzi mjukuu wangu, msomi yule, alinionyesha kwenye simu mji wa Ulaya wenye mifereji katikati ya nyumba, watu wakinywa bia kando ya maji.

"Bibi, boti upande asubuhi. Jioni zinajaa."

Nilipokuwa msichana, baba mdogo aliishi huko. Alikuja kwetu Kibosho ananukia sabuni ngeni, akaniambia mji ule una mifongo, mifereji ya maji kama yetu ya kumwagilia migomba, na atanipeleka. Kwetu asiyesafisha mfongo hapati maji, basi nikashinda nazoa tope nikidhani ndiyo nauli.

Siku ya safari, nikiwa bado mfongoni, nikasikia gari linawaka. Kaka yangu alikuwa ndani, amevaa viatu vipya.

"Wewe ukienda, ng'ombe atakatiwa majani na nani?" baba mdogo akacheka.

Viatu vilitoka Ulaya. Leo najua, aliponiahidi vilikuwa tayari sandukuni mwake, kwa kipimo cha kaka.