Kitufe cha Anza Upya

Mtaani kwetu tunamwita Nukta, kwa ule udogo wa umbo lake. Alianza kwa kufufua simu zilizotumbukia chooni, akajifundisha mwenyewe kuandika programu, mpaka stoo ya dawa ikampa kazi. Kila kasha la insulini libandikwe chipu nyembamba kama stika, ipime joto kila dakika tano. Ukiigusa kwa simu, programu ya Nukta inaisoma. Joto likizidi nyuzi nane, inawaka alama nyekundu.

Bwana Stoo, msimamizi wa stoo hiyo, aliomba kitufe cha Anza Upya cha kufuta kumbukumbu ya joto, chipu moja itumike safari nyingi. Nukta akakiweka.

Basi siku moja shangazi yake, muuguzi wa zahanati ya mwisho barabarani, akaingia na barua mkononi. Anasimamishwa kazi kwa kuunguza insulini ya makasha manne. Miaka ishirini na sita ya kazi, jamani!

"Wanasema chipu haisemi uongo," Shangazi akasema. "Na chipu ni yako, mwanangu."

Nukta alikosa hata pa kuweka mikono. Wakafuatana mpaka zahanati, akaisoma chipu ya kasha mojawapo mwenyewe. Safari hii hakuishia kwenye alama nyekundu, alifungua mstari wote wa joto. Dakika ya kwanza: nyuzi kumi na tisa. Baada ya Shangazi kuliweka kasha kwenye friji, mstari ukateremka mpaka tano, ukatulia.

"Shangazi, umeletewa dawa imeshapikwa!"

Asubuhi yake walikuwa mbele ya Mganga Mkuu, aliyeitia saini ile barua. Dereva wa stoo, aliyeitwa naye, wala hakuficha.

"Nabonyeza Anza Upya mlangoni kwa Shangazi, ndiyo. Bwana Stoo naye hubonyeza akinikabidhi. Kila mtu aanze zamu yake safi. Si ndiyo ustaarabu? Kama kufuta meza kabla mwenzako hajaketi."

"Na Shangazi hubonyeza akimkabidhi nani?" Nukta akauliza.

Dereva akakuna kichwa. "Yeye hana wa kumkabidhi. Ndiye wa mwisho."

"Kwa hiyo nyote mnafuta, uchafu wote anaukuta yeye!"

Mganga Mkuu akakohoa. "Basi tuandike ni hitilafu ya programu, yaishe."

Ah, hapo ndipo pilipili ilipopasuka.

"Yaishe vipi, Daktari? Programu imeandika ilichoambiwa. Kitufe nilikiweka mimi bila kuuliza nani atakibonyeza, na kosa hilo nalibeba. Lakini nyinyi mmemwona mama mtu mzima, mkaona rangi nyekundu, mkachukua kalamu! Hakuna hata mmoja aliyeteremsha kidole kuuangalia mstari. Kidole kimoja tu! Na wagonjwa waliochomwa dawa za makasha mliyoyafuta, hao nao ni hitilafu?"

Shangazi alimvuta upindo wa gauni, "Taratibu, mwanangu," lakini mwenyewe machozi yalikuwa yanamtiririka. Mganga Mkuu akaichukua ile barua, akaichana vipande viwili, akaagiza makasha yote yaliyoko njiani yarudishwe. Kuomba radhi? Hakuomba. Mpaka leo nasubiri kusikia.

Wiki iliyofuata Bwana Stoo akampigia Nukta. "Dada, mbona kitufe changu kimepotea?"

"Hakijapotea, kaka yangu. Nimekisimamisha kazi. Barua yake ukiitaka, nitakuandikia."