Mpira wa Moshi Kutoka Koboko

Niliondoka Rhino Camp kwa sababu mpira wa moshi wa boti yetu ulipasuka. Injini imo ndani ya boti, na moshi wake hupita kwenye mpira huo pamoja na maji ya kupoza, hadi nje. Wetu ulivuja. Maji yakajaa chini ya mbao, moshi ukatujaa puani. Kaka Juma, mwendeshaji, alizirai akiwa kwenye usukani. Na Jumamosi alitakiwa kumvusha mto dada yetu kwa bwana harusi, Obongi.

Jumatano alfajiri nilipanda lori la pamba.

"Umepima?" Kaka aliniuliza.

Nikamwonyesha kamba niliyouzungushia mpira. Mpira wenyewe niliuacha mahali pake, umefungwa matambara.

Nikafika Arua saa nne asubuhi. Maduka ya vipuri niliyoyajua yalikuwa yamefungwa siku nyingi. Mtu mmoja akaniambia nijaribu Koboko, kwa mafundi wa malori. Magari ya huko yalikuwa yameshaondoka, nikalala kwa shangazi hapo Arua.

Alhamisi nikafika Koboko. Fundi, mzee Mnubi, alikuwa chini ya lori lililotoka Oraba, miguu tu nje. Sikuthubutu kumkatiza. Adhuhuri ikapita ndipo akajitokeza.

"Wewe kijana, iko na shida ama unalinda lori?"

Nikampa kamba. Akacheka.

"Hii imepima tumbo ya mpira. Mimi nataka mdomo, ile tundu ya ndani! Ile ya zamani iko wapi?"

"Iko kwa boti, mzee."

"Basi rudi, leta."

Ningerudi, Jumamosi ingenipita. Ndipo nikakumbuka kazi yangu ya kila wiki, kufuta masizi ndani ya bomba la chuma linalovaa ule mpira. Nikasema vidole vyangu vitatu huingia, cha nne hukataa.

"Sema kwa nguvu!"

Nikarudia. Akaacha kucheka, akaniletea vipande vya mabomba. Nikatia vidole kimoja baada ya kingine. Cha nne kilipokataa, akakivisha kipande hicho mpira mnene wa lori. Ukakaa sawasawa.

Ijumaa nilisafiri kutwa. Jumamosi asubuhi Kaka aliufunga, akaukaza kwa pete za chuma, akawasha injini. Nikapitisha kiganja chini ya mpira. Kikavu.

Katikati ya mto nilimuuliza dada kama moshi unamsumbua.

"Moshi gani? Nasikia udi yangu tu."

Siku hizi nikitumwa kifaa, nabeba kile kilichoharibika. Na nikikuta miguu chini ya lori, nabisha hodi kwenye bati. Mzee yule angechelewa zaidi kutoka chini ya lori, dada angeningoja mtoni na udi wake.