Vifaru Vitatu vya Mzee Makame

Wakati wetu, mtoto akitaka kudanganya alidanganya kwa mdomo wake mwenyewe, macho kwa macho, na kofi likija lilijua shavu la kulifikia. Watoto wa leo wanasaidiwa na simu: inawalainisha uso, na mzazi wa kuwakanya yuko kazini Maskati, hawamwoni. Mimi, mtoto wa kike wa darasa la nne pale Jang'ombe, nilikuwa fundi wa uongo bila msaada wowote, na uongo wangu mkubwa ulimhusu baba yangu mzazi.

Baba, Mzee Makame, mtu wa Tumbatu, alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana, akarudi na goti la kushoto lisilokunjika. Jeshi likampumzisha. Mama alikuwa mkunga, hakuwa na saa ya kutoka wala ya kurudi, kwa hiyo nyumba aliishika baba. Tukiamka tunakuta uji wa pilipili manga uko tayari, na mkate wa kumimina umefunikwa kwa kawa. Kisha ananikalisha chini mbele ya kiti chake, ananisuka twende kilioni, na zile njia kichwani zilinyooka kama gwaride. Nikigeuza shingo ananambia, "Tulia, askari." Mchana alikuna nazi. Alasiri alifua nepi za mdogo wangu Suleiman, akazianika kwa mstari kama anazikagua, huku wanaume wenzake wako barazani wanacheza bao.

Na chakula hakikuguswa mpaka atuhesabu. Hata tukiwa sote watano mbele yake, tumekwisha nawa, yeye anahesabu. Tulikuwa tukicheka chinichini.

Hayo yote niliyaonea haya. Nilitaka baba wa vitani, si baba wa nepi. Basi siku moja tunacheza nage, nikawaambia wenzangu kuwa baba aliteka kifaru peke yake. Wiki ya pili vikawa viwili. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia vilikuwa vitatu, na hicho cha tatu alikiendesha mwenyewe mpaka Kampala. Hakuna aliyeniuliza goti lile lilikanyaga vipi klachi. Ndiyo faida ya kusuhubiana na watoto wa rika lako.

Habari zikamfika mwalimu wetu mpya, Bi Zuhura, aliyehamia kutoka Pemba. Akanituma nimwite baba aje awasimulie wanafunzi. Ujumbe nikaumeza. Aliponiuliza, nikamwambia baba kasafiri. Baada ya Sikukuu akachoka kungoja, akaja nyumbani mwenyewe alasiri moja, pamoja na wenzangu wawili.

Baba alikuwa mlangoni, amekalia mbuzi ya nazi, kanga ya mama kiunoni.

"Namtaka Mzee Makame," akasema Bi Zuhura.

Kabla baba hajafungua kinywa, mimi nilishajibu. "Hayupo. Huyu ni mtumishi wetu."

Baba akaniangalia. Hakukasirika, angekasirika ningejua la kufanya, ningekimbia. Aliweka kifuu chini, akajifuta mikono, akamwambia mwalimu, "Ni kweli, mwenyewe katoka. Kaeni hapa kivulini, nnawaletea madafu."

Akatuhudumia, anainuka na kukaa kwa goti lile. Suleiman akatoka ndani anatambaa, akamshika mguu, "Baba, baba." Nikajifanya sijasikia. Nilikunywa dafu langu lote, na nyama yake nikaikomba.

Wageni walipoondoka, baba akarudi kwenye mbuzi yake.

"Vifaru vingapi?" akaniuliza.

"Vitatu, baba."

"Punguza kimoja. Vitatu vingi kwa mpishi."

Ndipo nilipojua kazi aliyofanya vitani. Akakuna kidogo, kisha akasema, bila ya kuniangalia, "Siku moja nilipika chakula cha watu arobaini. Wakarudi kula thelathini na mmoja. Kilichobaki kwenye sufuria nikakimwaga mimi, kwa mkono huu." Jioni ile tulipokaa kula, akatuhesabu kama kawaida yake, na mimi sikucheka.

Asubuhi nikamfuata Bi Zuhura bila ya kutumwa, nalia kabla sijaanza. "Mwalimu, yule mtumishi ndiye baba. Na vitani alikuwa mpishi."

"Nnajua," akasema. "Mtumishi gani anaitwa baba na mtoto mchanga? Utafagia darasa mpaka mwisho wa mwezi. Na mwambie aje. Mpishi naye alikuwa vitani."

Akaja, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kiua. Akawasimulia watoto ugali uliosongwa kwa mwiko mrefu kama kafi, na mkubwa mmoja wa jeshi aliyelala juu ya gunia la mchele asubuhi akaamka limebaki gunia tupu. Darasa zima likacheka mpaka likatoa machozi. Nami, bila haya hata chembe, nikawaambia waliokuja kuchungulia dirishani kwamba huyo ni baba yangu mzazi, na mwiko ule aliuteka kwa adui.

Baba alizeekea kwangu, Kiembe Samaki, na wanangu wote aliwasuka yeye, wa kike. Sasa hayupo. Kila mwaka binti yangu anaweka picha yake kwenye simu, anaandika "Nakupenda babu" na mioyo myekundu sita, dunia nzima isome. Namcheka, lakini kicheko chenyewe kina wivu ndani yake. Sisi hatukuwa na ulimi wa maneno hayo. Nilikaa na baba miaka yote ile na sikuwahi kumwambia nnampenda; angedhani naumwa. Tulikuwa na shikamoo tu, kila asubuhi. Siku ya mwisho hakuweza tena kusema. Nikainama sikioni kwake, nikamwamkia. Akanyanyua vidole viwili juu ya shuka, akavishusha. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa kwamba hiyo ilikuwa marahaba.